Tumeiuza baridi ya Lushoto kwa bei ya kabichi

Kabichi haitaki joto. Ndiyo maana mkazi wa Buguruni au Ilala Boma hawezi kuilima vizuri nyuma ya nyumba yake, na ndiyo maana malori yanapanda hadi Soni, Lukozi na Malindi wilayani Lushoto kuifuata. Ukilitazama jambo hili kwa jicho la uchumi, kinachoshushwa alfajiri katika masoko ya Ilala na Kariakoo si majani tu. Ni baridi. Mkulima wa Usambara anauza hali ya hewa ya mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ameifunga ndani ya kabichi, karoti, mapeasi na plamu, halafu analipwa bei iliyopangwa na dalali aliyekaa kwenye jasho la Dar es Salaam.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaijua habari ya dalali, sitairudia yote. Mkulima anapakia mzigo bila kujua bei. Kabichi haisubiri, ikikaa siku tatu kwenye turubai inaanza kunyauka, kwa hiyo mwenye mzigo hana nguvu ya kusema nitarudi nao nyumbani. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kiasi kwamba tangazo la kuipiga marufuku nalo limekuwa kama zao la msimu. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na mzigo usiozidi tani moja ukaachwa upite bila kutozwa. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini haikugusa kitu kinachomuumiza mkulima huyu zaidi, yaani umbali kati yake na mlaji.

Kila bei inapoanguka, sisi wachumi wa kilimo tunaitwa semina kueleza habari ya kuongeza thamani. Tunasema ajengewe kiwanda cha jemu, chumba cha ubaridi, mashine ya kukausha. Sina ugomvi na viwanda. Ila ipo njia nyingine ya kuongeza thamani ambayo semina zetu huipita haraka, labda kwa sababu inafanana na starehe kuliko kilimo. Badala ya kuishusha baridi Ilala, mlaji wa Ilala apandishwe kwenye baridi. Alale huko siku mbili, ale huko, alipe huko.

Wenzetu wa Uingereza walifika hapo kwa shida, si kwa ujanja. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliwalazimisha kuchinja na kuteketeza zaidi ya wanyama milioni 6, na vijijini kukafungwa. Wakulima wengi waligundua mwaka ule kwamba mfugaji asiye na ng'ombe bado ana nyumba, zizi la mawe, bonde zuri na ukimya. Tangu 2021 serikali yao imekuwa ikipunguza malipo ya ruzuku ya moja kwa moja kwa wakulima, mpango ukiwa yamalizike ifikapo 2027, na hilo limewasukuma zaidi. Leo takriban theluthi mbili ya mashamba ya Uingereza yana shughuli nyingine ya kuingiza fedha mbali na kulima na kufuga, na nyumba za kupangisha wageni wa mapumziko ni mojawapo.

Chukua mji wa Ludlow, karibu na mpaka wa Wales. Ni mji mdogo wa zamani wenye ngome iliyojengwa na Wanormani na uwanja wa soko mbele ya ngome hiyo. Tangu 1995 una tamasha la vyakula ambalo limeufanya ujulikane nchi nzima. Mashamba ya maeneo kama hayo yamegeuza mabanda na nyumba za vibarua kuwa nyumba ndogo za mapumziko, na nje ya nyumba wameweka hodhi kubwa la mbao au plastiki lenye maji ya moto. Watu wanne hadi sita wanakaa ndani yake, maji yakiwafika kifuani, huku manyunyu au hata theluji ikiwaangukia kichwani. Msomaji wa Kariakoo atacheka. Na acheke, lakini atazame biashara iliyo ndani ya kichekesho hicho: Mwingereza ameichukua miezi ya baridi, ambayo zamani nyumba zilikaa tupu, akaigeuza kuwa sababu ya kuja. Haombi radhi kwa baridi yake. Anaitoza.

Sisi tunaomba radhi. Mgeni akifika Lushoto Julai mwenyeji wake anamwambia pole, umekuja kipindi kibaya.

Tukija kwa wateja, sensa ya 2022 iliihesabu Ilala, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam, kuwa na zaidi ya watu milioni 1.6. Sehemu kubwa hawana fedha ya kulala nje ya nyumba zao na makala haya hayawahusu kama wateja. Lakini humo wamo wenye fremu za Kariakoo, waagizaji wa bidhaa, wafanyakazi wa benki na wizara, madaktari wa Muhimbili, mafundi wakubwa wa Gerezani. Hawa Februari saa tisa mchana wanakaa Mtaa wa Msimbazi kwenye joto linalomfanya mtu asahau alichokuja kununua. Mwisho wa wiki wanakwenda wapi? Ufukweni Kigamboni, ambako joto ni lile lile pamoja na mchanga. Au baa. Au harusini, ambako wanatoa mchango mkubwa kuliko gharama ya siku mbili za kupumzika na familia.

Desemba wengi wao wanakwenda Kilimanjaro kwa wazazi. Basi au gari linapita Chalinze au njia ya Bagamoyo na Msata, linafika Segera, Korogwe, halafu Mombo. Pale Mombo milima ya Usambara imesimama upande wa kulia kama ukuta, na barabara ya lami inaanza kupanda kwa kona zaidi ya kilomita 30 hadi Lushoto mjini. Maelfu ya magari yanapita njia panda ile kila mwisho wa mwaka. Yanasimama kununua maji na machungwa, yanaendelea. Hawapindi kulia. Nimewauliza rafiki zangu wengi kwa nini, na jibu linakuja la aina moja: tukapande huko kufanya nini, na tutalala wapi na watoto?

Swali la kufanya nini si gumu. Wajerumani walilijibu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Waliuita mji ule Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, wakaufanya mahali pa maofisa kukimbilia joto na homa za pwani. Kabla yao watawala wa Kilindi walikuwa Vuga, juu ya kilele chenye upepo, na hawakupachagua kwa bahati mbaya. Leo kuna ukingo wa Irente unapoliona tambarare la Mombo chini ya miguu yako, kuna msitu wa Magamba, maporomoko ya Soni, Mtae mwisho wa mlima. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Lushoto wamekuwa wakiwatembeza wageni wa Ulaya vijijini chini ya mpango wa utalii wa utamaduni. Shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri linauza jibini, jemu na mkate wake. Masista wa Kikatoliki nao wana nyumba ya wageni na jemu zao. Ipo pia hoteli ya miaka mingi mjini na nyumba za mapumziko kadhaa kwenye vilima. Kwa hiyo sizungumzii jambo la kubuni. Nazungumzia jambo lililopo kwa miaka mingi, ambalo kwa sehemu kubwa limeachwa mikononi mwa makanisa, walowezi na wageni kutoka nje, na mkulima wa kabichi analiona likipita mbele ya kitalu chake.

Swali la kulala wapi ndilo lenye uzito.

Kwetu neno gesti limeharibika. Baba mwenye heshima zake akimwambia mkewe twende tukalale gesti, hata kama ni Lushoto na watoto wote wamo ndani ya gari, kuna maelezo atatakiwa kuyatoa. Gesti ni chumba chenye kitanda, ndoo, kandambili mbili zisizofanana na muziki wa baa ya chini. Familia haihitaji hicho. Inahitaji nyumba yake yenyewe, hata ikiwa ndogo: vyumba viwili, jiko, kibaraza, mahali pa watoto kukimbia. Hapo ndipo nyumba ya shambani inapoishinda hoteli. Mkulima ana nafasi, hoteli ya mjini haina.

Na familia inahitaji maji ya moto. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo biashara hii inapofia. Nililala Julai moja katika nyumba ya wageni ya wilaya ile, sitaitaja. Kitanda kizuri, shuka safi, mapeasi mezani. Asubuhi bomba la maji ya moto likatoa hewa, likakohoa, likatoa maji ya baridi kama ya kisimani. Mhudumu, binti mwenye adabu sana, aliniletea ndoo ya maji yaliyochemshwa kwa kuni, akasema pole kaka, yamechelewa. Chumba cha pili kulikuwa na mama na watoto watatu kutoka Dar. Ndoo moja kwa watu wanne. Mama yule hakugomba, alilipa na kuondoka siku ile ile badala ya siku ya tatu. Hizo siku mbili zilizopotea zilikuwa na thamani kubwa kuliko magunia kadhaa ya kabichi, na zilipotea kwa sababu ya lita 100 za maji.

Tuweke hesabu mezani. Takwimu hizi ni za mfano, kila mmoja abadilishe kulingana na eneo lake. Mkulima mwenye robo ekari akipanda kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60 anapata miche kama 2,800. Akivuna 2,200 nzuri na kuziuza shambani kwa shilingi 300, anapata shilingi 660,000. Toa mbegu, mbolea, dawa na vibarua, tuseme 300,000. Zinabaki 360,000 kwa msimu, au 720,000 kwa mwaka wa misimu miwili, ikiwa bei haikuanguka na ukungu haukuingia. Mkulima mzoefu atasema nimekuwa mkarimu.

Kwenye kona ya robo ekari hiyo hiyo weka nyumba ndogo ya vyumba viwili, jiko, bafu lenye maji ya moto yasiyokatika na kibaraza kinachotazama bonde. Tuseme imegharimu shilingi milioni 14 pamoja na samani. Ipangishwe kwa 60,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Mhudumu, kufua, umeme, chai, ushuru wa halmashauri na akiba ya matengenezo vichukue 25,000. Zinabaki 35,000. Ikilala watu usiku nane tu kwa mwezi, yaani wikiendi peke yake, faida ni 280,000 kwa mwezi, sawa na milioni 3.36 kwa mwaka. Hapo sijahesabu chakula cha mchana na jioni, ambacho ndicho kinachonivutia zaidi kama mchumi wa kilimo. Karoti, njegere, viazi, maziwa, mayai na kuku vinauzwa vikiwa kwenye sahani, hapo hapo vilipolimwa. Hakuna lori, hakuna dalali, hakuna lumbesa. Na familia inapoondoka inabeba tenga la plamu kwenye buti, kwa bei ambayo mkulima ameitaja mwenyewe.

Sasa mtu atauliza, ikiwa ni rahisi hivyo mbona hawajengi? Kwa sababu milioni 14 hazipo. Na benki si jibu. Mkopo wa milioni 14 kwa riba ya asilimia 18, ulipwe kwa miaka mitano, unadai karibu milioni 4.5 kila mwaka. Nyumba yetu inazalisha 3.36. Mkulima atakuwa anauza ng'ombe ili aifadhili nyumba ya wageni, na mwishowe benki itachukua vyote viwili. Yeyote anayewashauri wakulima wadogo wakope kujenga nyumba za mapumziko hajaipiga hesabu hii, au ameipiga na hajali.

Fedha ya subira, isiyogonga mlango kila mwezi, iko Ilala. Iko Kariakoo. Mfanyabiashara wa pale akipata ziada, anafikiria fremu nyingine, na fremu ina kilemba kinachomla kabla hajafungua mlango, na kodi ya pango inayopanda. Baada ya fremu anafikiria kiwanja Chanika au Kigamboni, ambacho kitakaa na nyasi miaka kumi. Huyu ndiye mbia wa mkulima wa Lushoto, na tayari wanafahamiana kupitia mzigo wa mboga.

Lakini nasema mbia, sisemi mnunuzi. Hapa ndipo pana hatari ninayoiogopa. Tumeshaona kwenye mwambao wa Bagamoyo na Kigamboni jinsi wenyeji wengi walivyouza mashamba ya ufukweni kwa fedha ya bati na pikipiki, na baadaye watoto wao wakaomba kazi ya ulinzi kwenye geti la shamba la babu. Lushoto ardhi ni ndogo zaidi. Wilaya ile ilikuwa na zaidi ya watu 490,000 katika sensa ya 2012, vipande vya mashamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vingine havifiki nusu ekari. Mkulima wa kilimani akiuza kipande chenye mandhari nzuri, mara nyingi ameuza na njia ya maji. Ikiwa utalii huu utaingia kwa mtindo wa kununua ardhi, basi bora tuendelee na kabichi.

Mkataba ninaoupendekeza ni huu. Ardhi inabaki ya mkulima, kwa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mfanyabiashara anaweka fedha ya ujenzi. Mkataba wa pango wa miaka 12 unapitishwa na halmashauri ya kijiji, usibaki kwenye karatasi ya daftari iliyosainiwa kwa mkopo wa kalamu. Faida inagawanywa asilimia 70 kwa mwenye fedha na 30 kwa mwenye ardhi mpaka mtaji urudi, baada ya hapo nusu kwa nusu, na mwaka wa 12 ukiisha nyumba ni ya mkulima. Chakula chote anauza mkulima na faida yake haigawanywi. Kwa usiku nane kwa mwezi mtaji unarudi ndani ya miaka sita. Kwa usiku 12, miaka minne.

Sitamficha mfanyabiashara: kwa usiku nane, biashara hii haimlipi vizuri. Hati fungani za Serikali za muda mrefu zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila yeye kuhangaika na bomba lililoziba, na ningekuwa mshauri wake ningemwambia anunue hizo. Kwa usiku 12 picha inabadilika. Kwa hiyo ugomvi wote ni usiku nne za ziada kila mwezi, siku za katikati ya wiki na miezi ambayo watu hawana likizo. Nani anaweza kuja Jumanne? Wastaafu. Fungate, kwa sababu harusi za Dar ni nyingi na maharusi wengi hawana uwezo wa kwenda Zanzibar. Vikundi vidogo vya ofisi. Na wale wa Kariakoo wenyewe, ambao Jumapili ndiyo siku yao ya mauzo kwa baadhi ya bidhaa na Jumanne wanaweza kumwachia kijana duka.

Hawa ndio wanaotaka kitu cha pekee, na hapo linarudi hodhi la Mwingereza. Liwekwe Lushoto? Nimelipigia hesabu, kwa sababu nimeona watu wakianza kulitamani. Hodhi la kukaa watu wanne linabeba kama lita 1,000. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzijoto 15 hadi 40 kunahitaji uniti 29 za umeme. Kwa takriban shilingi 350 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa kulijaza mara moja, na hapo sijahesabu joto linalopotea hewani. Kuoga kwa bomba la mvua kwa lita 40 kunakula uniti moja na kidogo, shilingi 400 hivi. Tofauti ni mara 25.

Ukitumia kuni ni kilo 28 hivi kwa kila kujaza kwenye jiko la kawaida la pipa, ambalo robo tatu ya joto lake linakwenda angani. Nyumba kumi zenye mahodhi, usiku 12 kwa mwezi, ni zaidi ya tani 3 za kuni kila mwezi. Zitatoka wapi? Sote tunajua zitatoka wapi. Magamba imehifadhiwa, na ni msitu huo na mingine ya safu ile inayolinda vijito vinavyomwagilia kabichi tunazozizungumzia. Usambara ulishaumwa na mmomonyoko wa udongo kiasi kwamba miaka ya 1980 na 1990 uliendeshwa mradi mkubwa pamoja na Wajerumani wa kuwafundisha watu matuta, majani ya kukinga udongo na kupanda migrevilea. Itakuwa aibu tukirudi kuukata mlima ili mtu wa Upanga aloweke miguu.

Msimamo wangu basi ni kwamba mkulima aanze na bomba la maji ya moto lisilosema uongo. Kifaa cha kupasha maji kwa jua juu ya paa, pipa lililofungwa vizuri lihifadhi joto usiku, na kipashio kidogo cha umeme kwa zile asubuhi za Juni na Julai ambazo ukungu haufunguki mpaka saa sita. Hodhi lije baadaye, kwa yule mwenye migrevilea yake mwenyewe ya kupogolea, maji ya kutosha kiangazi, na mfuniko mzito wa kuzuia joto lisipotee. Litozwe pembeni, tena bei ya kweli. Na usafi usichukuliwe kirahisi: Uingereza wenye nyumba za kupangisha wanatakiwa kupima na kutibu maji ya mahodhi mara kwa mara kwa sababu maji ya vuguvugu hulea bakteria wanaoshambulia mapafu. Sisi ambao hatujaweza kusafisha tangi la juu ya choo tujiulize kwanza.

Wapo watakaosema tuna chemchemi za moto za asili, Amboni kule Tanga na kwingineko, tuzitumie hizo. Sawa, zitumike. Lakini ile ya Chemka wilayani Hai, ambayo vijana wa Dar wanaipigia picha sana, maji yake ni vuguvugu tu, na bado inajaza watu. Hilo linaniambia kwamba mteja yupo na ana hamu.

Kuhusu Serikali nina maneno machache. Halmashauri ina tabia ya kumwona mwenye nyumba mpya ya wageni kama chanzo kipya cha mapato kuanzia siku bati la mwisho linapogongwa: leseni, ushuru wa kulala wageni, zimamoto, afya, kila mmoja na fomu yake na siku yake. Mkulima mwenye nyumba moja ya vyumba viwili si hoteli. Apewe fomu moja, dirisha moja, na mwaka mmoja wa kujipanga. Barabara ya Mombo nayo ina tatizo la kuangukiwa na udongo na mawe mvua kubwa zinaponyesha, na ikifungwa wikiendi ya Pasaka nyumba zote zimefungwa. Kwa kabichi tumezoea hasara hiyo, tunamwambia mkulima avumilie. Mgeni aliyekwama Soni na watoto usiku hatavumilia, atasimulia Kariakoo nzima.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Malori yanayopanda kufuata mboga mengi hupanda matupu au na mzigo mdogo. Vifaa vya jua, mabomba, magodoro, masinki na vigae vyote vinauzwa Kariakoo na Gerezani, mita chache kutoka yanakoshusha kabichi. Nauli ya kwenda ni ya kuelewana na dereva. Anayetaka kuwahi wageni wa likizo ya Juni na Sabasaba, msingi wake uwe umechimbwa kabla masika haijakolea, kwa sababu Aprili udongo mwekundu wa Lushoto hauruhusu lori kutoka lami hata mita 50.